Jioni Tulipomaliza Kusoma Peponi

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini Yusuf, kijana wa riwaya ya Peponi, anawakimbilia askari wa Mjerumani badala ya kurudi kwao. Swali hilo nililisikia kwanza Kilwa Kivinje, barazani kwa marehemu babu, ambaye nilikuwa nikimsomea kila nilipokwenda kumjulia hali, kwa kuwa macho yake yalishafifia.

Tulikuwa na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, miaka 28 baada ya Abdulrazak Gurnah kuichapisha riwaya yake kwa Kiingereza. Safari ya bara babu aliipenda. Habari ya mtoto kuwekwa rehani kwa deni la baba yake haikumshangaza hata kidogo.

Nilipofika ukurasa wa mwisho alikuwa akishona wavu kwa kupapasa, uzi ameuzungusha kwenye kidole gumba cha mguu. Nikasoma askari wanavyoondoka na mateka wao, Yusuf anavyosikia kama milango inafungwa nyuma yake, kisha anavyotoka mbio kuufuata msafara. Mkono wa babu ukasimama.

"Anakwenda wapi huyo?"

Nikamwambia kitabu kimeisha.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akanyoosha kidole upande wa Mwembe Kinyonga, walikonyongewa watu wa Majimaji, akasema kwa ukali ambao sikuuzoea kwake: "Mjukuu wangu, waliochoma vyakula vya watu huku kwetu mpaka njaa ikaua wengi kuliko risasi, ndio anaowafuata? Na mwandishi hamkanyi?"

Nilimtetea Gurnah kwa nguvu zangu zote. Nilisema kijana yule hakuwa na pa kurudi, na kwamba mwandishi amekataa kutupa shujaa kwa sababu pwani aliyoiandika ilikuwa na watumwa wake kabla Mjerumani hajafika. Naamini hivyo hadi leo, na kwangu huo ndio ujasiri mkubwa wa riwaya ile. Hata hivyo, ukimya wa msimulizi, ambao sisi walimu wa fasihi tunausifu darasani kuwa ni ukomavu, babu aliusikia kama mtu anayepita msibani bila kutoa pole, na sikupata hoja ya kumwambia kwamba amesikia vibaya.

Akaniuliza kama mwandishi ameeleza popote yanayompata kijana anayejiunga na askari wale. Nikamtajia riwaya nyingine ya Gurnah, Afterlives ya 2020, yenye Hamza, aliyejiandikisha kwa hiari yake katika jeshi hilo la Wajerumani.

"Basi ukija tena uje nacho," akasema, "hata kama itabidi unifasirie ukurasa kwa ukurasa."