Siku nzima na mabeseni ya sepia, Mwanza

Saa 1 asubuhi. Sepia ni kugeuza picha nyeusi na nyeupe kuwa ya kahawia: dawa ya blichi inaififisha, kisha dawa ya tona inairudisha ikiwa kahawia. Kazi inaanza na maji. Bomba la hapa mjini linaleta maji ya ziwani, na yakipita kwenye chuma chenye kutu, kutu inafika hadi kwenye picha. Maji kwenye ndoo za plastiki yametuama tangu jana jioni. Nachota ya juu tu na kuyachuja kwa kitambaa cha pamba. Chuma kikikutana na ferisianaidi ya potasiamu iliyo kwenye blichi huacha vidoa vya buluu. Beseni la bati lililobanduka rangi halifai kabisa.

Saa 2. Kuchanganya dawa. Blichi ni ferisianaidi gramu 10 na bromaidi ya potasiamu gramu 10 kwa lita moja. Tona inatokana na chupa mbili za akiba: thiourea (kemikali yenye salfa) gramu 100 kwa lita, na kostiki soda gramu 100 kwa lita. Kostiki ndiyo inatiwa kwenye maji baridi, kidogo kidogo, ukiwa na glavu na miwani. Ukimwagia maji juu yake yanachemka na kukurukia. Wauzaji wa malighafi za sabuni wanayo, ila usikubali kupewa magadi badala yake. Ya kutumia: mililita 50 za kila chupa, ongeza maji hadi lita moja. Kostiki ikizidi, kahawia inakolea. Thiourea ikizidi, picha inaelekea manjano.

Saa 4. Hapa ndipo naposhughulika zaidi, maana sepia nyingi huharibikia kwenye fiksa (dawa inayoondoa chumvi za fedha zilizobaki wakati wa kusafisha picha), kabla hata tona haijaguswa. Picha ya mitumbwi ya Kirumba iko mezani, bado mbichi. Nadondosha tone la salfaidi ya sodiamu, gramu 2 kwa lita, kwenye ukingo mweupe. Nasubiri dakika 3, nafuta. Ukingo ukibaki mweupe au ukashika ukrimu hafifu sana, sawa. Ukiwa kahawia, bado kuna chumvi za fedha ambazo fiksa haikuzitoa, na tona itazigeuza madoa ya manjano kwenye sehemu nyeupe. Rudisha picha kwenye fiksa mpya.

Kinyume chake, fiksa iliyobaki kwenye karatasi ikichangamana na ferisianaidi inayeyusha fedha yenyewe inayounda picha. Mawingu na mashati meupe yanapotea, na hayarudi tena. Kwa hiyo karatasi ya faiba (isiyo na tabaka la plastiki) naisuuza dakika 5, naiweka dakika 10 kwenye salfaiti ya sodiamu gramu 20 kwa lita, inayosaidia fiksa kutoka, kisha naisuuza nusu saa.

Saa 6 mchana. Joto limepanda na jelatini, tabaka la karatasi linaloshika picha, inalainika. Beseni la blichi linakaa ndani ya beseni kubwa lenye vipande vya barafu, ileile ya wauza sangara, dawa ibaki nyuzi 20 hadi 24. Sehemu nyepesi za picha hufifia kwanza, nyeusi mwishoni. Ukitoa picha mapema, nyeusi inabaki nyeusi na kahawia inakaa kwenye sehemu nyepesi tu; mimi napenda hivyo kwa picha za watu. Baada ya blichi, suuza hadi manjano yote yaishe kwenye karatasi.

Saa 8. Tona. Picha inarudi ndani ya sekunde chache, lakini iache dakika 2. Ikirudi imepauka, jaribu tona mpya kabla ya kuitupa: kama tona ilikuwa imechoka, picha itakolea, kama fedha iliyeyuka kwenye blichi, haitabadilika. Ikiwa na mabaka meusi, blichi haikufika sawasawa, mara nyingi kwa fiksa yenye kigandishi, kinachoifanya jelatini iwe ngumu. Isuuze, irudishe kwenye blichi, kisha kwenye tona. Kahawia iliyokwisha kuwa salfaidi ya fedha haiguswi na blichi.

Saa 10. Suuza ya mwisho, nusu saa. Tona iliyochanganywa haifai kesho, namwaga. Glavu hizi hazisogei karibu na enlaja (mashine ya kukuzia picha) wala karatasi mpya: chembe ya thiourea inatosha kuitia karatasi ukungu wa kijivu.