Mapigo ya Asubuhi

Mama ndiye aliyeona kwanza. Nilikuwa napanda ngazi za nyumba yetu Kibokoni, Mombasa, huku nimeshika ukuta, akaniambia, "Mwanangu, mbona wapanda kama mzee? Mguu huo wakuuma." Nikamjibu ni uchovu tu, utaisha. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi limekolea, nami najiandaa kwa marathoni yangu ya kwanza, kilomita 42.195.

Mimi ni karani wa mizigo, saa mbili asubuhi sharti niwe Changamwe. Kwa hiyo nilikimbia mara tu baada ya swala ya alfajiri: napita Fort Jesus, naingia Kizingo, nafuata barabara ya Mama Ngina chini ya mibuyu hadi karibu na feri ya Likoni, kisha narudi. Ndani ya wiki tano nilipanda kutoka kilomita 30 kwa wiki hadi 65. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nikisoma ratiba za wakimbiaji wa bara, wanaofanya mazoezi kwenye baridi ya milimani, nikazifuata kama zilivyo. Hapa kwetu hewa imejaa unyevu. Jasho linalopoza mwili ni lile linalokauka. Langu lilidondoka tu barabarani, na moyo ukafanya kazi maradufu kwa mwendo uleule.

Kabla mguu haujauma, mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha. Nilikuwa nikigutuka saa nane za usiku, usingizi umeruka, na mwili umechoka. Mahamri na mbaazi za mama nikizitazama tu. Watoto wakicheka sebuleni, nawakemea. Mapigo ya moyo, ambayo nilizoea kuyahesabu kitandani kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, yalitoka 54 kwa dakika yakafika 66. Nikajiambia ni uvivu, nikaongeza kilomita. Hilo ndilo kosa langu kubwa, na linaniuma hadi leo.

Siku moja karibu na feri nilisimama. Maumivu yalikuwa mahali pamoja kwenye ugoko, padogo kama sarafu ya shilingi. Nikibonyeza kwa kidole gumba naona nyota. Kurukaruka kwa mguu huo mmoja sikuweza. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Ya pili, wiki tatu baadaye, ilionyesha ufa. Daktari alinieleza kwamba mfupa hujibomoa na kujijenga kila siku, na ukiuongezea mzigo bila kuupa nafasi ya kujijenga, hupasuka. Kukimbia nikakatazwa kabisa.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa nzito. Alfajiri nilisikia vishindo vya wakimbiaji wakipita chini ya dirisha, nikajifunika shuka hadi kichwani.

Kilichoniinua ni bahari. Kwa ruhusa ya daktari, nilianza kukimbia ndani ya maji ya kina huko Nyali, nimevaa jaketi la kuokolea, miguu haigusi chini, na mpwa wangu akiogelea pembeni (peke yako usithubutu). Lakini maji kujaa hakufuati saa ya kazini. Kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini. Siku nyingine yanajaa nikiwa ofisini, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa hukimbia mbali hadi karibu na mwamba. Basi nikawa naingia siku tatu, nakosa mbili, naingia moja. Sikupanga mimi siku za kupumzika, maji yalinipangia. Na katika siku hizo za kukosa ndipo usingizi uliporudi. Mwezi wa pili wa mazoezi hayo ya majini nilimsikia mama akimwambia jirani, "Siku hizi amaliza sahani."

Marathoni ile sikuikimbia. Nilirudi barabarani Julai, upepo wa kusi ukivuma: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mara nane, basi. Mguu ulinyamaza. Nikaongeza polepole sana, na kila wiki ya nne napunguza hata kama najisikia mzima.

Kuhesabu mapigo sijaacha. Jana alfajiri yalikuwa 63. Viatu nilikuwa nimeshaviweka mlangoni tangu usiku. Nikavirudisha chini ya kitanda, nikaketi na mama, nikamenya tangawizi ya chai yetu.