Mijusi wa shambani kwangu wasipigwe

Naandika hili ili kila kibarua mpya akija nimpe simu asome: mijusi wanaokaa kwenye marundo ya mawe shambani kwangu Hombolo wasipigwe.

Anayelima zabibu Dodoma anajua mchwa wanavyotusumbua. Wanakula nguzo kuanzia chini, kisha wanahamia kwenye shina la mzabibu. Sasa mtazame yule dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anayepiga pushapu juu ya jiwe akiona dume mwenzake. Chakula chake kikubwa ni sisimizi na mchwa. Majike wana rangi ya vumbi, hawaonekani upesi, lakini kazi wanafanya ileile. Na ni mjusi wa kwetu hasa: Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama watambaao, alipompa jina la kisayansi mwaka 1923, alimwita dodomae, yaani wa Dodoma.

Kinachonishangaza mimi ni mwili wake. Panya anatumia sehemu kubwa ya chakula chake kujipasha joto. Mjusi joto analipata kwa kuota jua asubuhi. Ndiyo maana chakula kinachomshibisha panya mmoja kinaweza kuwatosha mijusi kama 10 wa uzito huohuo, na sehemu ya chakula inayogeuka kuwa nyama ni kubwa kuliko kwa panya. Kwenye nchi kame kama yetu, ambako mvua ikikatika Aprili tunaisubiri mpaka Desemba, hilo ni jambo kubwa mno. Mchwa wanakula nyasi kavu ambazo hata mbuzi wamezikataa, mjusi anakula mchwa, halafu kipanga, nguchiro na nyoka wanamla mjusi. Ukimwondoa yeye, kipanga ataishi kwa kula nini? Kumbikumbi ni wa siku chache tu mvua zinapoanza.

Vijana huniambia, "Mzee, mijusi wataleta nyoka." Ni kweli, wapo nyoka wanaowafuata. Lakini nyoka hula panya pia, na panya hao ndio wanaotumalizia mtama ghalani.

Jambo linaloniumiza zaidi ni dawa. Mtu anaona kichuguu kimoja, anamwaga sumu shamba zima. Mchwa aliyelegea kwa sumu ndiye rahisi kukamatwa, mjusi anamla. Sumu zisizooza upesi, kama DDT ya zamani, hujikusanya mwilini na kuzidi makali kila zinapopanda kwa mlaji wa juu. Ndege walao nyama walitaga mayai yenye maganda membamba, yakavunjika yakiatamiwa.

Kwangu tunapaka oili chafu kwenye nguzo sehemu inayoingia ardhini, na shina lililoanza kuliwa tunalihudumia peke yake. Wanaopalilia wiki hii, mawe yaliyo karibu na mbuyu msiyahamishe. Mvua zikilainisha udongo, majike hutaga pembeni yake, kwa hiyo hapo jembe lisipite.