Umehamia nyumba mpya? Anza na milango na madirisha

Watu wakishakabidhiwa funguo akili yote inahamia kwenye makochi na mapazia, milango na madirisha wanaona ni vitu vya kukaa tu bila kuguswa, wakati mwaka wa kwanza ndo vinaumia zaidi, simenti na unyevu havijaisha humo ndani.

Simenti mbichi inakula aluminiamu. Ikirukia fremu wakati wa plasta ukaiacha ikakauka inaacha doa jeupe halitoki hata usugue vipi, kwa hiyo ikidondoka tu osha hapo hapo kwa maji mengi. Zile nailoni za kinga kwenye fremu nazo zitoe mapema, kazi za plasta na rangi zikiisha, zikipigwa na jua muda mrefu gundi inaganda na zinatoka vipande vipande. Na kioo chenye vumbi la ujenzi usikifute kikavu jamani, mwagia maji kwanza, mchanga ndo unachora mikwaruzo.

Mlango wa mbao sasa. Zege na plasta zinaendelea kutoa unyevu miezi mingi baada ya nyumba kuisha, mbao inauvuta, inavimba, mlango unaanza kukwama upande wa kitasa na fundi akija anataka kupiga randa palepale. Asubiri. Kaza kwanza skrubu za bawaba ya juu maana mara nyingi mlango umelala tu, halafu fungua madirisha hewa ipite, kuta zikikauka unaweza kurudi wenyewe, ila ukisharandwa ndo umebaki na mwanya wa kudumu.

Halafu fanya hivi, ingiza kioo kidogo cha kujitazamia chini ya mlango uangalie ukingo wa chini, na ule wa juu upapase kwa kidole. Mara nyingi utakuta mbao tupu, haijaguswa na vanishi kabisa, wakati usoni inang'aa! Pale mbao ilipokatwa ndo inanyonya maji haraka kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo mlango ushushwe, ukauke, upakwe pande zote sita.

Madirisha ya kusukuma yana vitundu kwenye reli ya chini vya kutolea maji nje. Vikizibwa na plasta au rangi, mvua ikipiga maji yanajaa yanamwagikia ndani na lawama zote zinaenda kwa silikoni, ile gundi ya kuziba kando ya fremu. Safisha kwa mswaki wa zamani kisha mimina maji kidogo kwenye reli uone kama yanatoka nje. Raba za madirisha zisipakwe rangi, zinakakamaa. Kitasa kikiwa kizito usitie mafuta ya kupikia, yanashika vumbi, sugua penseli kwenye meno ya ufunguo uingize na kutoa mara kadhaa, unga wake unalainisha.

Na kama fundi hujammalizia hela yake, hivyo vitundu na kingo za milango vikague akiwa bado yuko saiti, akishaondoka kumrudisha ni kazi nyingine.