Siku Moja Maishani Mwangu: Kufundisha Kuteremka Mlima katika Kisiwa Kisicho na Mlima

Saa 11:30 alfajiri. Baada ya sala nilifunga mlango na kuelekea Michenzani kwa miguu, nikiwa na mkoba wenye fimbo nne za mlimani, utepe wa kupimia na chupa ya maji. Kazi yangu ni tiba ya viungo, na chumba changu cha kazi kipo Mji Mkongwe. Wagonjwa wangu wengi ni watu walioshuka kutoka Kilimanjaro wakaja Unguja kupumzika, lakini siku hizi huja pia Wazanzibari wenzangu ambao wameanza kuupenda mlima ule. Hao ndio ninaowaamkia mapema, kwa sababu ninaamini kwamba magoti mengi ninayoyatibu yangesalimika kama wenyewe wangejifunza kushuka kwa bidii ileile waliyojifunzia kupanda.

Unguja haina mteremko wa kujifunzia. Kilima cha Masingini, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote kisiwani, hakifiki hata mita 150 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo tunatumia ngazi za jumba moja la ghorofa, kwa ruhusa ya wakaazi wake.

Saa 12:00 asubuhi. Walimu sita wa skuli walikuwa wameshafika, na mwezi ujao watapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Kupanda ngazi ninawaachia waende watakavyo. Kushuka ndiko ninakokusimamia: kila kipandio kwa hesabu ya tatu, goti likunjwe kidogo kabla mguu haujagusa chini, unyayo utue wote kwa utulivu, na mwili usiegemee nyuma. Mwalimu wa jografia aliniuliza kwa nini mapaja yanamtetemeka wakati wa kushuka ilhali kupanda hakumsumbui. Nilimwambia afikirie mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Kamba inakwenda chini, lakini mkono haujaiachia, bado unaivuta ili ndoo isianguke. Misuli ya mbele ya paja hufanya vivyo hivyo kwenye mteremko, kwani inajikaza huku inarefushwa, na kazi ya namna hiyo huzichanachana zaidi nyuzi zake ndogo kuliko kazi ya kupanda. Moyo na mapafu hupumzika kidogo wakati wa kushuka, na kwa sababu hiyo mtu hudhani mwili mzima unapumzika.

Tukiwa katika mzunguko wa tano, bibi wa ghorofa ya tatu alitoka na kikapu chake kwenda sokoni. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaanza kushuka. Niliwaomba walimu wamtazame. Mkono mmoja ulikuwa kwenye ukuta, mwili aliugeuza upande kidogo, mguu wa chini ulitangulia na kutulia kabisa kabla wa juu haujanyanyuka, na macho yake yalikuwa yanatazama kipandio cha pili mbele, si vidole vyake. Hakuharakisha hata tulipompisha. Nilipowarudisha walimu ngazini baada yake, wote sita walishuka vizuri kuliko walivyokuwa wameshuka asubuhi yote, na kelele za viatu zilikuwa zimekwisha.

Saa 2:30 asubuhi. Chai ya rangi, chapati na mbaazi, kisha nikafungua chumba.

Saa 3:00 asubuhi. Mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana aliyetoka mlimani siku mbili zilizopita na kuvuka na boti kutoka Dar es Salaam. Aliniambia kwamba bandarini alilazimika kuteremka ngazi za boti kinyumenyume huku ameshika vyuma kwa mikono miwili, na kwamba kukaa kitini ilikuwa adhabu. Maumivu ya namna hiyo huanza saa chache baada ya kushuka na kufikia kilele chake kati ya siku ya kwanza na ya tatu, halafu hupungua yenyewe. Hata hivyo nilimwuliza rangi ya mkojo wake, swali ambalo simwachi mtu bila kumwuliza, maana misuli iliyoumia kupita kiasi huachia vitu ndani ya damu vinavyoweza kuziumiza figo, na mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza ni dalili ya kumpeleka mtu hospitali siku ileile. Wake ulikuwa wa kawaida. Nilimshauri atembee taratibu ufukweni, anywe maji, aingie baharini, na asimruhusu mtu yeyote kuikanda misuli hiyo kwa nguvu kwa siku mbili.

Kisha akavua soksi. Kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi, na damu imejikusanya chini yake. Alikuwa amefunga viatu kwa namna ileile kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kwenye mteremko mguu ukawa unateleza mbele na kugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara. Nilichukua kiatu chake nikamwonyesha: kisigino kisukumwe nyuma kabisa, kamba zikazwe sana pale mguu unapokutana na kifundo, na fundo lipigwe hapo kabla ya kuendelea juu, huku sehemu ya vidole ikiachwa na nafasi. Kucha zikatwe fupi siku kadhaa kabla ya safari. Ni jambo la dakika mbili, na linaudhi kuona jinsi watu wanavyolipa fedha nyingi kwa ajili ya safari bila kuambiwa.

Saa 5:00 asubuhi. Mgonjwa wa pili alikuwa Maalim mmoja wa makamo kutoka Pemba, aliyeshuka mlimani na kurejea Unguja juzi baada ya safari ndefu ya basi kutoka Moshi. Alitaka nimkande mguu wa kushoto. "Mwanangu, huu mmoja tu ndio umekataa kupona," alisema, na neno "mmoja" likanifanya niyarudishe mafuta mezani. Maumivu ya kushuka mlima huwa ya miguu yote miwili. Nilimlaza na kutazama: shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa, ngozi inang'aa, na nilipoweka viganja pande zote mbili nilihisi joto upande mmoja. Nilipima kwa utepe sentimita 10 chini ya goti, mguu wa kulia kisha wa kushoto, na tofauti ilikuwa karibu sentimita nne. Nilirudia kupima. Sikumkanda. Mtu aliyepungukiwa na maji mlimani, ambaye damu yake imekuwa nzito, kisha akakaa kitini saa nyingi bila kunyoosha miguu, anaweza kupata donge la damu kwenye mshipa wa ndani, na donge hilo likisukumwa linaweza kusafiri hadi mapafuni na kuua. Nilimwuliza kama anapata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, akasema hapana. Niliandika barua, nikamwita mwanawe, nao wakaondoka kwa teksi kwenda hospitali.

Maalim alikuwa anaona tabu kunisumbua, akaniomba radhi mara mbili kwa kunipotezea wakati.

Saa 7:00 mchana. Sala ya Adhuhuri, wali na samaki wa nazi, na nusu saa ya kulala.

Saa 9:00 alasiri. Walimu walikuja chumbani kwa somo la mpango wa kushuka, nami nikawachorea mlima ubaoni. Wataondoka kambi ya Barafu, iliyo kwenye mita 4,670 hivi, karibu na saa 6 usiku. Wakijaaliwa, watafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri au asubuhi, mahali ambapo hewa ina oksijeni inayokaribia nusu tu ya ile tunayoivuta Forodhani. Siku hiyohiyo watashuka hadi kambi ya Mweka, iliyo karibu na mita 3,100. Hizo ni takriban mita 2,800 za mteremko kwa miguu ambayo haikulala, na kesho yake zinabaki mita 1,400 na zaidi hadi geti la Mweka. Niliwaambia waweke akilini kwamba kileleni ni katikati ya siku ya kazi, na kwamba chakula, maji na nguvu zinazobaki pale ndizo zitakazowarudisha.

Niliwasimulia yaliyonikuta mimi. Nilijiandaa miezi sita kwa kupanda tu. Chini ya Stella Point, mahali palipo ukingoni mwa kreta karibu na kilele, kwenye changarawe na vumbi, niliona wenzangu wanateremka mbio nami nikakimbia, mguu ukazama, mwili ukaendelea mbele, na goti likapinda upande. Siku iliyofuata nilitembea kutoka Mweka hadi getini nikiwa nimemshikilia mpagazi begani kwa sehemu kubwa ya njia, na bado ninamwombea dua.

Kwa hiyo kwenye changarawe nawataka watue kwa kisigino, magoti yakiwa yamelegezwa, hatua fupi, na wasipangane mstari mmoja wa juu na chini, kwa sababu jiwe linaloachwa na mguu wa juu humfikia wa chini. Fimbo zirefushwe sentimita 5 hadi 10 kuliko zilivyokuwa wakati wa kupanda, zitangulie mbele ya mguu ili mikono ibebe sehemu ya uzito. Katika msitu wa Mweka hatari inabadilika: matope, mizizi iliyoloa, na vipandio virefu ambavyo mtu aliyechoka huviruka. Dawa za maumivu wasizimeze ili tu wasilisikie goti, maana goti linalouma linatoa habari, na baadhi ya dawa hizo huzielemea figo za mtu aliyekaukiwa na maji.

Mwalimu wa hesabu aliuliza nini kifanyike mtu akianza kuyumba. Nilimtaka asimame na kutembea katika mstari wa vigae vya sakafu, kisigino kikigusa vidole. Anayeshindwa hivyo akiwa juu ya mlima, au anayepumua kwa shida hata akiwa amekaa, ubongo au mapafu yake yanaweza kuwa yanajaa maji, na tiba iliyo muhimu kuliko zote ni kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku, wala asiachwe ashuke peke yake. Hapo hakuna kungoja kupambazuke wala kuona haya kwa kuwarudisha wenzake.

Mmoja wao, ambaye hupenda kuzamia baharini kwenye kisiwa cha Mnemba, alikuwa amepanga kuzamia siku moja kabla ya kupanda ndege. Nilimwomba asogeze mpango huo hadi baada ya mlima, kwa kuwa naitrojeni inayobaki mwilini baada ya kuzamia inaweza kutoa mapovu mtu anapokwenda juu upesi.

Saa 12:30 jioni. Magharibi iliadhiniwa tukiwa bado tunajizoeza kufunga viatu.

Saa 2:00 usiku. Mtoto wa Maalim alipiga simu. Picha ya mshipa ilionyesha donge la damu nyuma ya goti, na baba yake ameshaanza dawa ya kuzuia damu kuganda. Alisema mzee anauliza ni lini ataruhusiwa kurudi Pemba, nami nikamwambia awaulize madaktari kwanza kuhusu boti na muda wa kukaa. Baada ya simu nilikaa kimya kwa muda, nikiiangalia chupa ya mafuta ya kukandia.

Kisha nilibadilisha mipira ya ncha za fimbo mbili zilizokuwa zimelika kwa saruji ya ngazi, nikaziegemeza mlangoni kwa ajili ya alfajiri.