Kuteleza si kuanguka

Tangu saa nne nageuka geuka tu kitandani, acha niandike labda usingizi utakuja.

Mnamkumbuka bibi wa goti, yule niliyewaambia anafanana na marehemu jaja yetu, yaani nyanya yetu, wa Bombo, anayekataa kupanda boda hata umlipie. Wiki tatu zilizopita nilimpima hatari ya kuanguka kama tunavyowapima wazee wote wanaoletwa kwetu. Swali la kwanza kwenye fomu linauliza kama mgonjwa ameanguka ndani ya miezi 12. Nikamuuliza, "Bibi, mwaka huu umeanguka?" Akaniangalia kama nimemtukana.

"Musawo," yaani mtu wa tiba, "mimi sianguki. Sina kifafa mimi."

Mjukuu wake akadakia, "Lakini jaja, si uliteleza juzi kule bafuni?"

"Kuteleza si kuanguka!"

Tukacheka wote watatu, na mimi nikatia tiki kwenye HAPANA.

Hiyo tiki jamani. Mimi nimekulia kambini, Kiswahili ndicho nilichoongea na baba hadi anakufa, najua kabisa watu wakisema fulani ana ugonjwa wa kuanguka wanamaanisha kifafa, na bado nikauliza vile vile fomu inavyouliza. Na najua pia kwamba mzee aliyeshaanguka ndiye wa kumhofia zaidi, hilo swali moja lina uzito kuliko vipimo vingi tunavyohangaika navyo. Halafu mjukuu alinipa jibu mdomoni kabisa! Nikalicheka.

Baada ya hapo nikampima kwa kiti, ananyanyuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi anakaa, mimi na stopwachi. Sekunde 11. Sisi tunaanza kuogopa kuanzia 12, basi nikafurahi nikamwandikia mazoezi ya goti akaenda zake. Lakini alitembea kwenye tailizi kavu, taa inawaka, amevaa viatu vyake vya kuja mjini. Nyumbani anavaa sapatu zilizolika kisigino na choo kiko nje, nyuma ya migomba.

Jumatatu mjukuu akaja peke yake. Bibi ameanguka saa tisa usiku, umeme umekatika, mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mwekundu mnaujua. Amevunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Wiki hii dada Hamida ameolewa na mimi nimepewa ile barua ya kuthibitishwa kazini niliyoingoja miaka 2, alhamdulillah, lakini hata kwenye vigelegele vya arusi nilikuwa nasikia kuteleza si kuanguka, kuteleza si kuanguka.

Alhamisi akaja mwenyewe, mkono umefungwa plasta. Fomu nikaiacha mezani, nikavuta kiti nikakaa karibu naye. "Bibi, tangu Ramadhani umeteleza mara ngapi?"

"Kuteleza tu? Ngoja." Akaanza kuhesabu kwa vidole vya ule mkono mzima, anavikunja kimoja kimoja akivibonyeza kwenye paja. Bafuni. Mlangoni, ule mkeka ulimkunja mguu. Njia ya chooni usiku. Sokoni, ila hapo walimdaka. Na hii ya mkono. Vidole vikaisha. Nikamuuliza na kushika ukuta je, akasema hiyo ni kila siku, na kwamba siku hizi magharibi ikiingia hanywi maji kabisa ili asitoke nje usiku.

Nikamlaza dakika 5 nikampima presha, ya juu ikasoma 150. Akasimama, dakika 1 tu, 124! Ikishuka 20 tu tayari ni shida. Mwenyewe akasema macho yanaingia giza, ndivyo inavyokuwa akiamka usiku. Nikamwambia atoe dawa zake. Akafungua fundo la kanga, kumbe ile tembe ya presha inayokojoza alikuwa anaimeza baada ya isha! Nikakimbia kwa daktari nayo mkononi, akaihamishia asubuhi hapo hapo na kusema ataziangalia na zile nyingine.

Siwezi kuwaeleza furaha niliyoipata. Mjukuu tukapanga naye ndoo ya usiku iwe chumbani, tochi chini ya mto, mkeka utoke, sapatu mpya. Nikatembea nao mpaka getini, nikamuuliza bibi Ijumaa anapika nini. Akasimama kwanza, ndipo akajibu. Kuna Waswidi waliliandika hilo 1997, kwamba mzee anayesimama ili aongee yuko kwenye hatari zaidi ya kuanguka, na mimi nikaliongeza kwenye faili lake. Fomu nayo nimeiandikia pembeni kwa kalamu, umeteleza, umejikwaa, umepepesuka, umejikuta chini, na Jumatatu nitaomba tuichapishe upya hivyo.

Pale getini akanishika bega. "Musawo, mbona siku ile hukuniuliza hivi?" Hakusema kwa ubaya, alitaka kujua tu. Nikamwambia nisamehe bibi. Akasema haya, akavuta kanga, wakaenda.

Sasa saa saba na nusu. Baba Zura alisema akifika Elegu atanipigia kabla hajavuka kwenda Juba, na meseji zangu tangu jana mchana zina tiki moja. Labda ni chaji. Ile chaja ya kwenye lori nilimwambia abadilishe tangu mwezi uliopita.