Kungoja pamoja nao kivukoni

Jumapili jioni

Nikiwaza huduma ya uchungaji hapa Mombasa, mawazo hunirudisha kivukoni. Msiba wa nchi kavu una njia yake: mochari, matanga, ibada, kaburi. Wa majini hauna. Mtongwe, Aprili 29, 1994, feri ilizama, wakafa watu zaidi ya 270. Likoni, Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri likiwa na mama na bintiye. Lilitolewa Oktoba 11. Siku zote hizo jamaa wanangoja, na mchungaji hana ibada ya kuongoza. Kazi yake ni kungoja nao, na kungoja kuna ufundi wake.

Cha kwanza ni kivuli na maji ya kunywa. Mtu hajala tangu asubuhi, hajui simu yake iko wapi. Mtoe mbele ya umati na kamera, mtafutie kiti, kaa ubavuni mwake, usimsimamie. Taja jina lako. Uliza watoto wamebaki kwa nani, nani apigiwe simu. Halafu: "Mama, ungependa tuombe sasa, au nikae nawe tu?" Akisema bado, nyamaza, lakini usiondoke.

Usimwulize ilikuwaje. Hapa wengi hukosea kwa nia njema kabisa. Kumlazimisha mtu asimulie tukio lote siku hiyohiyo, au kuwakusanya manusura kwenye kikao kimoja kila mmoja aeleze aliyoyaona, hakuzuii kiwewe, na wengine huwazidishia. Akianza mwenyewe, msikilize mpaka akome. Akitetemeka, pumzi zikimpaa, mwambie akanyage chini kwa nyayo zote, avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe polepole kwa 6.

"Jikaze" na "Mungu alimpenda zaidi" yaachwe. Mwili ukipatikana sema "amefariki", kwa sababu aliyeshtuka hung'ang'ania tumaini lolote lililojificha ndani ya neno la fumbo. Kabla ya mochari mweleze kwamba mwili uliokaa majini hubadilika. Afadhali aanze kutazama nguo au pete. Asiingie peke yake.

Kukosa usingizi na ndoto mbaya wiki za mwanzo si ugonjwa. Yakipita mwezi na kazi zimemshinda, apelekwe kwa mtaalamu, hospitali ya Coast General au ya Port Reitz. Ukihofia atajiua, muulize waziwazi. Swali halimpandii wazo hilo. Akikubali, asilale peke yake usiku huo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo.

Matanga yakianuliwa, watu hutawanyika, na hapo ndipo daftari la ziara, la kuandika nani atamtembelea mfiwa na lini, huwa na maana. Mkaazi wa Likoni anayefanya kazi kisiwani Mombasa hana budi kuvuka kwa feri. Kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu ni mbali. Basi kwenye daftari hilo liandikwe jina la mtu wa kupanda naye feri siku ya kwanza, na ya pili, hadi aseme mwenyewe kwamba sasa anaweza.